Nilimwitikia mama mkwe "ja", kumbe nimemkatalia

BARUA

Somo yangu, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa na Mholanzi, tunakaa Zwolle, mashariki mwa Uholanzi. Ule mtihani wa kwanza wa Kiholanzi niliufanya ubalozini Dar es Salaam kabla ya viza, ngazi ya A1, ile ya chini kabisa. Niliupita, nikajiona nimemaliza. Sasa niko kwenye inburgering, yale masomo ya lazima kwa sisi tuliokuja kwa ndoa, na ninatakiwa nifike B1, ngazi ya kati. Kazi nimepata pia. Naenda majumbani kwa wazee, nawaosha, nawavalisha zile soksi ndefu za kubana miguu, nawaandalia mkate wa asubuhi. Huko lugha hainisumbui. Mzee anasema funga dirisha, lete dawa, si hiyo, ile nyingine. Kiholanzi cha amri nakiweza. Kinachonitoa jasho ni Kiholanzi cha "ingekuwa".

Mama mkwe ana miaka 79. Baba mkwe alifariki, na tangu hapo anaishi peke yake katika nyumba kubwa kijijini, karibu na mto IJssel. Goti moja linamsumbua. Si mtu mbaya kwangu. Nilipofika mara ya kwanza nilimwita "u", kwa heshima, akacheka akasema niseme "je" kama watoto wake. Mpaka leo ulimi unakuwa mzito, maana nimelelewa kwa shikamoo.

Mkasa una sehemu tatu, nikuandikie kwa mpangilio.

Siku ya kuzaliwa ya mume wangu tulikuwa kijijini, tumekaa duara kama kawaida yao, kila mtu na kikombe chake cha kahawa na kipande chake cha keki. Mama mkwe akanitazama, akasema mbele ya watu wote: "Als jij er niet geweest was, had hij hier nog gewoond." Watu wakacheka. Mume wangu akacheka kuliko wote. Mimi niliyajua maneno yote, moja moja. "Was" ni alikuwa, "had" ni alikuwa na. Basi nikaelewa kwamba wewe ulipokuwa hupo, yeye alikuwa bado akiishi hapa. Nikasema moyoni, anakumbuka enzi zake nzuri kabla sijamchukua mwanawe. Nieleze pia kwamba tulipooana mume wangu alikuwa na miaka 39 na alikuwa hajatoka kwa mama yake. Nilienda msalani nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kula keki.

Sehemu ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Tulikuwa wawili tu jikoni kwake, tunamenya zile kabeji ndogondogo wanazoziita spruitjes. Hakuinua macho. Akasema: "Zou je het erg vinden als ik bij jullie kwam wonen?" Nilichoshika ni "bij jullie" na "wonen", kwenu na kuishi. Kwetu mkwe akikutajia nyumba yako unasema karibu, hakuna jibu lingine. Nikatabasamu, nikamwambia: "Ja, ja, natuurlijk!" Akanyamaza. Akapangusa mikono. Halafu akaanza kunieleza kwamba maji ya mto yamepanda.

Baadaye darasani mwalimu akaandika ubaoni: "Zou je het erg vinden als ik het raam opendeed?" Akatuuliza jibu la adabu. Nikasema "ja". Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaeleza kwamba swali lile maana yake ni je, ungeona vibaya nikifungua dirisha, kwa hiyo ukisema "ja" umesema ndiyo, ningeona vibaya. Somo, nilihisi damu inaniganda. Nimemwambia mama wa mume wangu, mjane, kwa tabasamu, kwamba naam, bila shaka, sitaki akae kwangu.

Na sasa sehemu ya tatu. Wifi yangu amemtumia mume wangu ujumbe, simu ilikuwa mezani nikauona: "Mama zou het huis willen verkopen." Hapo tena kuna "zou". Sijui kama mama anauza nyumba, angependa kuuza, au ameshauza.

Kinachonikwamisha ni hiki. Nikienda kurekebisha jibu langu, nimemfungulia mlango. Atakuja. Nyumba yetu ni nyembamba, ile ya kubanana na za majirani, vyumba viwili vya kulala juu, ngazi zimesimama kama ngazi za minara. Natoka kuhudumia wazee mchana kutwa, nikirudi nataka nikae kimya. Nikiacha kama ilivyo, nimebaki mkaza mwana aliyemfukuza mkwe kabla hajabisha hodi. Mama yangu Tanga akisikia hatanielewa. Mume wangu sijamwambia. Naogopa atacheka, naogopa zaidi asicheke.

Niambie, zile sentensi zilikuwa na maana gani hasa? Nirekebishe au ninyamaze? Na mtihani je, niuahirishe? Mtu asiyeelewa swali la jikoni atazungumzaje mbele ya mashine ya mtihani?

Wako,
Mkaza mwana wa Zwolle


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako ina maswali mawili yaliyovaa kanga moja. Moja ni la sarufi, na hilo lina majibu, nitakupa. La pili ni kama unataka kuishi na mama mkwe wako. Hilo hukuniuliza, ulilipitia pembeni, na nadhani ndilo linalokuweka macho usiku. Umejibu swali la mkwe kwa bahati mbaya, na hujui kama jibu ulilotoa kwa bahati mbaya si lile lile ambalo ungelitoa kwa kusudi. Nisahihishe kama nimekusoma vibaya.

Nianze na sarufi, maana nusu ya machozi yako yametoka huko.

Sisi Kiswahili kimetupa "-nge-". Unaitia katikati ya kitenzi, mambo yamekwisha: ungekuja ungemwona. Yeyote anayesikia "-nge-" anajua hatuzungumzii jambo lililotokea. Kiholanzi hakina kipande kama hicho. Kikitaka kusema jambo la kudhania, kinachukua umbo la wakati uliopita na kulitumia kwa kazi nyingine. "Als ik tijd had, kwam ik" halihusu jana. Maana yake ni ningekuwa na nafasi, ningekuja, leo hii au kesho. Wewe uliyafundishwa "was" na "had" kuwa ya zamani, ukayatafsiri kuwa ya zamani, na hukukosea chochote ulichofundishwa. Tatizo ni kwamba baada ya "als", yaani kama, umbo hilo hilo linaweza kuwa na kazi nyingine. Kwa jambo lililopita kweli, la mara moja, kama "nilipokuwa mdogo", wanatumia "toen": "toen ik klein was". Ukisikia "als" ikifuatwa na "was" au "had" katika habari ya mtu mmoja na tukio moja, anza kushuku kwamba uko katika nchi ya "-nge-".

Wakitaka kurudi nyuma zaidi, kwenye jambo ambalo nafasi yake imeshapita, wanaongeza kitenzi kingine: "Als ik tijd had gehad, was ik gekomen." Vitabu vyetu vya sarufi vingesema hapo ndipo pa "-ngali-", ningalikuwa na nafasi ningalikuja, ingawa barazani wengi wetu tunachanganya "-nge-" na "-ngali-" na hakuna anayetupiga faini.

Sasa irudie sentensi ya keki. "Als jij er niet geweest was, had hij hier nog gewoond." Isingekuwa wewe, mpaka leo angekuwa anaishi hapa. Hakuna enzi nzuri zilizotajwa. Kuna dunia ya kudhania ambamo wewe hukutokea, na mwanawe wa miaka zaidi ya arobaini bado anafuliwa soksi na mama yake.

Utaniuliza kwa nini "had" imetangulia "hij". Chukua daladala yenye sheria moja kali: katika sentensi huru ya maelezo, isiyo swali wala amri, kitenzi kinachobeba wakati hukaa siti ya pili, hata mvua inyeshe. Siti ya kwanza anaweza kukaa yeyote, "ik", "morgen", au kishazi kizima chenye "als". Kishazi chako chote cha masharti, hata kiwe kirefu kama treni ya mizigo, kinahesabiwa abiria mmoja wa siti ya kwanza. Kwa hiyo kinachofuata mara moja ni kitenzi, na kiima kinasogea nyuma: "Als ik tijd had, kwam ik." Ukianza na sentensi huru, mambo yanatulia: "Ik zou komen als ik tijd had," ningekuja kama ningekuwa na nafasi. Hiyo "zou" ni kitenzi kisaidizi kinachofanya kazi ya "-nge-". Na ndani ya kishazi cha "als" chenyewe, kitenzi kinapelekwa mwisho kabisa. Ndiyo maana unapomsikiliza Mholanzi unasubiri na kusubiri hujui kama kitu kimefanyika au la, mpaka amalize pumzi.

Kuna njia ya tatu, ya kuitupa "als" na kuanza na kitenzi: "Had ik dat geweten, dan was ik gebleven." Ningalijua, ningalibaki. Na ukitia "maar" bila kumalizia, unapata laiti yetu: "Had ik maar ja gezegd," laiti ningalisema ndiyo. Au katika kisa chako, "nee", hapana.

Huenda pia umeona mama mkwe anasema "geweest was" na kitabu chako kinaandika "was geweest". Yote ni sahihi. Wataalamu wanaita mpangilio mmoja mwekundu na mwingine wa kijani, kutokana na rangi za ramani za lahaja alizochora Pauwels mwaka 1953, na ule wa kijani, wenye "geweest" mbele, husikika zaidi huko kaskazini na mashariki anakotoka mkweo. Kwa hiyo usidhani anakutania lugha. Ndivyo anavyoongea.

Kwa maana ya maneno tumefika. Kwa alichokusudia, sarufi inaniacha njiani pamoja na wewe. Sentensi ile inaweza kuwa lawama, umeniondolea mwanangu. Inaweza kuwa mzaha wa kumchoma mume wako, tazameni huyu, bila mke angekuwa bado chumbani kwake cha utotoni. Inaweza kuwa shukrani ya mama aliyekata tamaa kwamba mwanawe ataoa. Watu walicheka, na mume wako alicheka kuliko wote. Mimi mtu akimlaumu mke wangu mbele ya wageni nisingecheka, lakini simjui mumeo. Wewe unamjua. Na Waholanzi wengi humtania kwa ukali yule wanayemhesabu kuwa wa ndani, jambo ambalo kwa mtu wa pwani, aliyezoea utani wa watani na adabu kwa wakwe, linakaa vibaya moyoni hata ukilielewa vizuri.

Tuje jikoni.

"Zou je het erg vinden als ik bij jullie kwam wonen?" Mwalimu wako amekueleza sawa, jibu la kukubali hapo ni "nee hoor". Na jihadhari na ndugu yake, "Je vindt het toch niet erg?", huoni vibaya, au sivyo? Sisi Kiswahili tunakubaliana na usemi: ndiyo, sioni vibaya. Mholanzi anasema "nee". Ukijibu kwa mantiki ya Tanga utarudi shimo lile lile.

Lakini tazama vitenzi alivyovichagua. Angeweza kusema "Vind je het erg als ik bij jullie kom wonen?" Hiyo ni "-ki-" yetu: nikija kuishi kwenu, utaona vibaya? Mzigo umeshafungwa, anasubiri neno lako. Yeye alisema "zou" na "kwam": ningekuja kuishi kwenu, ungeona vibaya? Ameirudisha nyuma hatua nzima. Sasa, kurudi nyuma kule kuna sababu mbili zinazowezekana, na huwezi kuzitenganisha kwa kusikiliza tu. Ya kwanza ni adabu. Waholanzi hulainisha ombi kwa wakati uliopita, "ik wilde vragen", nilitaka kuuliza, sawasawa na sisi tunaposema nilikuwa naomba chumvi, na chumvi tunaitaka sasa hivi. Ya pili ni kwamba kweli alikuwa anapima maji, anaitamka fikra aone inasikikaje, yeye mwenyewe hajaamua. Mjane wa miaka 79 katika nyumba kubwa, na goti linalouma, anawaza mengi huku anamenya kabeji.

Hapa ndipo ninapotaka kukuuliza maswali machache, kwa upole.

Umeichukulia kwamba aliomba. Una hakika? Umeandika mwenyewe kwamba vyumba vyenu viko juu na ngazi zimesimama. Mwanamke mwenye goti baya anazijua ngazi zako kuliko wewe, amezipanda akija kukutembelea. Inawezekana alikuwa anauliza jambo ambalo alijua haliwezekani, kwa sababu alitaka kusikia jambo lingine, kwamba ana mahali katika maisha yenu. Sisemi ndivyo. Nasema umelipa swali lake maana moja, na lilikuwa na zaidi ya moja.

Umechukulia pia kwamba alilielewa "ja" lako kama mwalimu alivyolieleza. Ulimwambia "ja, ja, natuurlijk" na tabasamu. Mholanzi anayekataa hasemi hivyo kwa uso ule. Amekuzoea, anajua bado unajifunza. Inawezekana kabisa aliduwaa kama wewe, asijue umesema nini, akaona aibu kukuuliza tena, akakimbilia habari za mto. Kunyamaza kwake ulikusoma kama jeraha. Kunaweza kuwa jeraha. Kunaweza kuwa mkanganyiko wa watu wawili wenye adabu nyingi.

Na umechukulia kwamba ukisahihisha lugha, umefungua mlango. Hili nalitilia shaka zaidi kuliko yote. Kusema "sikuelewa swali lako" ni jambo moja. Kusema "karibu uhamie" ni lingine. Umeyafunga pamoja kwa sababu kwenu hakuna nafasi kati ya hayo mawili. Kiholanzi, kwa uzuri au ubaya wake, kinaiacha nafasi hiyo wazi.

Ujumbe wa wifi nao una mtego. "Mama zou het huis willen verkopen" unaweza kusomwa kama mama angependa kuuza nyumba. Lakini "zou" ina kazi nyingine isiyofundishwa mapema madarasani, kazi ya inasemekana. Magazeti yao huitumia kila siku: "de minister zou ziek zijn", waziri inasemekana ni mgonjwa. Kwa hiyo wifi anaweza kuwa anamwambia kaka yake nimesikia eti mama anataka kuuza nyumba, je una habari? Ukisoma hivyo, wifi naye hajui. Kama ameshauza ingekuwa "heeft verkocht", hilo ondoa. Bora usijenge ghorofa juu ya ujumbe ulioandikiwa mtu mwingine.

Sasa njia, na kila moja na miiba yake.

Unaweza kumwendea mwenyewe, wawili tu, hata jikoni pale pale. Sentensi inayokutosha ni fupi na haina "zou" hata moja: "Ik heb je vraag laatst verkeerd begrepen." Swali lako la juzi nililielewa vibaya. Ukitaka, ongeza: "Wat bedoelde je precies?" Ulimaanisha nini hasa? Uzuri wake ni kwamba unamrudishia yeye neno, na yeye ataamua kama lilikuwa ombi au fikra. Mwiba wake ni kwamba anaweza kulirudia swali lile lile, akutazame, asubiri. Wakati huo huwezi kusingizia sarufi tena. Ukienda hujajua unataka nini, unaweza kujikuta umesema "nee hoor" kwa aibu, na hilo litakuwa jibu la pili ambalo hukulichagua.

Unaweza kuanza na mumeo. Umemweka nje ya habari hii, na sababu uliyonipa ni nzito, waogopa acheke na waogopa zaidi asicheke. Ninaielewa. Hata hivyo mama yake alisema "bij jullie", kwenu nyote wawili, na huenda mumeo amekaa na ujumbe wa wifi kifuani kama wewe ulivyokaa na jikoni. Katika familia nyingi za huko mtoto ndiye huzungumza na mzazi wake kuhusu uzee, si mkwe. Kwa upande wetu ni tofauti, mkaza mwana mwema hubeba. Huko unaweza kubeba kitu ambacho hakuna aliyekutwika. Mwiba wa njia hii ni kwamba akiuliza mama yake kwa ile lugha yao ya moja kwa moja, "mke wangu hakuelewa, wewe unataka kuhamia au hutaki?", mazungumzo yako laini ya jikoni yatakuwa kikao cha familia. Ukimwambia, mwambie pia unataka aseme nini na asiseme nini.

Kuna kadi. Waholanzi hupelekeana kadi kwa kila jambo, na mtu wa umri wake ataipanga juu ya kabati aitazame. Maandishi yanakupa muda wa kupanga vitenzi vyako. Lakini kadi inasomwa na kila anayepita sebuleni, wifi akiwemo, na jambo lililosemwa wawili likiandikwa linakuwa zito kuliko lilivyokuwa. Kama utaandika, mimi nisingeligusa swali la kuhamia ndani yake. Ningemwambia tu kwamba nafurahi kukaa naye jikoni.

Na kuna kunyamaza. Usikudharau. Pengine yeye ameshalisahau, pengine maji ya mto yalikuwa ndiyo yaliyomsumbua. Ila kunyamaza kunaacha mambo yaamuliwe na goti lake. Huko Uholanzi, tangu sheria za matunzo zilipobadilika mwaka 2015, wazee wanatarajiwa kukaa majumbani mwao kadiri iwezekanavyo na familia kusaidia, wanaita mantelzorg. Wewe unafanya kazi humo, unalijua neno hilo kuliko mimi. Siku akianguka, swali litarudi bila "zou", na mtakuwa na haraka.

Kabla ya njia yoyote kaa na lile swali usiloniuliza. Jiulize kwa Kiswahili, maana kwa Kiholanzi utajificha nyuma ya vitenzi. Unataka awe ndani ya nyumba? Karibu na nyumba? Mara moja kwa wiki, na wewe ukarudi kwako? Familia nyingine huko huweka kijumba bustanini au hutafuta nyumba yenye milango miwili, na nyingine humpata mzee nyumba ya chini mitaa miwili kutoka kwao. Kati ya kumkumbatia na kumfukuza kuna mambo mengi, na umejipa mawili tu. Pia sidhani uchovu wako wa kutunza wazee mchana kutwa ni utovu wa adabu. Ni habari ambayo mumeo anapaswa kuijua, iwe mama atakuja au hatakuja. Kuhusu mama yako Tanga, yeye atahukumu kwa yale utakayomwambia. Akisikia ulimpima mkwe maneno kwanza ukamwuliza alitaka nini, sioni kwa nini ashindwe kukuelewa.

Mtihani sasa. Mimi si mwalimu wako na sijaona kazi zako, kwa hiyo suala la kuahirisha lizungumze naye. Chunga tu muda wako wa kisheria. Kwa walio chini ya sheria ya inburgering iliyoanza tarehe 1 Januari 2022 muda ni miaka 3, na kuna hatua za kuomba nyongeza. B1 haikudai uchanganue "geweest was". Ukikwama katikati ya sentensi ya kudhania, anza na sentensi huru, "Ik zou...", kisha malizia na "als", utaikwepa ile daladala. Na hulazimiki kuitia "zou" pande zote mbili kama tunavyotia "-nge-" mara mbili. "Als ik tijd had, zou ik komen" inatosha, na "Als ik tijd had, kwam ik" inatosha pia. Huko kazini, mzee mmoja unayemwamini, mwombe akuulize maswali ya "zou je het erg vinden" huku unamvalisha soksi. Wengi watafurahia kuwa walimu. Ila mtahadharishe kwanza kwamba unafanya mazoezi, asije akadhani una mpango wa kuhamia kwake.

Somo